"PUMZISHA MWILI" IMEMVUNJA BIBIE PINGILI TATU: LIKIZO YA DAWA ZA MIFUPA SIO YA KILA MTU!

Habari ya mjini wiki hii sio ndoa wala talaka. Ni mgongo. Muigizaji mkongwe wa filamu za Kibongo, yule ambaye watu wamemzoea kwenye nafasi za mama mkwe mkorofi, amepigwa picha akitoka msibani Kinondoni ameinama, kashikwa mkono na mwanae wa kiume, kanga imefungwa juu ya ule mkanda mpana wa hospitali. Picha ikarushwa. Mitandao ikafanya kazi yake. "Kaisha." "Mjini kumemshinda." Wengine eti kalogwa na mke mwenzie wa zamani. Kuna mmoja alithubutu kuandika kwamba dhambi za mama wakwe zinamrudia, kama vile kile alichokuwa anaigiza ndicho alichokuwa anaishi nyumbani kwake.

Uchawi haumo kabisa. Bibie huyo, aliyevuka miaka 60, amevunjika pingili tatu za uti wa mgongo bila hata kuanguka. Ya kwanza ilikwenda akiinua ndoo ya maji bafuni, ile ndogo ya lita 10. Mbili zilifuata ndani ya wiki chache, moja akiwa anajigeuza tu kitandani. Na kilichotangulia ndicho kinachotakiwa kusemwa wazi, maana hayuko peke yake: alikuwa anachomwa sindano ya mifupa kila baada ya miezi 6, akaacha. Akaacha kwa sababu aliambiwa apumzishe mwili.

Aliyemwambia sio daktari. Ni yule dada wa mitandaoni anayeuza unga (wa lishe jamani, sio ule mwingine), mwenye wafuasi kibao, anayealikwa kwenye vikao vya kina mama kama mgeni rasmi. Wawili hao walikutana kwenye kicheni pati moja Mbezi Beach. Dada akapiga goti, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba. Akasifia filamu za zamani, akauliza siri ya ngozi nzuri, mazungumzo yakafika kwenye afya. Bibie akataja sindano yake. Dada akashtuka kama ametajiwa sumu.

"Mama! Miaka minne yote hiyo? Mwili umechoka. Pumzika kwanza hata mwaka mmoja, nitakupa unga wangu ujaze mifupa kiasili."

Ndivyo walivyosimulia waliokaa meza moja nao, na familia haijakanusha. Sindano iliyofuata ilitakiwa ichomwe mwezi ule ule. Haikuchomwa. Miezi 11 tangu ile ya mwisho, ndoo ikainuliwa.

Sasa Timu Dada wameshajaa kumtetea. Hoja yao ni moja na wanairudia kama kibwagizo: hata madaktari wa Ulaya na Marekani wanawapa wagonjwa likizo ya dawa za mifupa, kwa hiyo dada kakosea nini? Hapo ndipo penye mtego. Likizo ya dawa ipo kweli, haikutungwa Mbezi. Ila ni likizo ya dawa gani, kwa mama yupi, baada ya muda gani na nani anaiangalia? Hayo dada hakuyauliza, na hakuwa na uwezo wa kuyajibu.

Twende taratibu, maana wengi wanabishana bila kujua mfupa wenyewe unafanyaje kazi.

Mfupa hauko kama nondo iliyozikwa kwenye zege ikatulia. Ndani yake kuna mafundi wawili wako kazini usiku na mchana. Mmoja anabomoa sehemu iliyochakaa, mwingine anajenga upya. Kijana anapokua mjenzi anamshinda mbomoaji. Mwanamke akiwa bado anaona siku zake, homoni ya estrojeni ndiyo inamshika mbomoaji kola. Hedhi ikikoma, estrojeni inashuka, mbomoaji anabaki bila msimamizi. Miaka ya mwanzo baada ya hapo ndiyo mibaya zaidi. Kuna wanawake wanapoteza hadi asilimia 20 ya ujazo wa mifupa yao ndani ya miaka 5 hadi 7, na hawasikii chochote. Haiumi. Haivimbi. Kinachokuja kutoa taarifa ni kuvunjika.

Kipimo chake kinaitwa DEXA, ni kama eksirei ya nyonga na uti wa mgongo. Majibu yanakuja kwa namba, na Shirika la Afya Duniani liliweka mstari mwaka 1994: ukifika hasi 2.5 au chini zaidi, hiyo ni osteoporosisi, mifupa imekuwa dhaifu. Mashine hizo ni chache na ziko kwenye miji mikubwa, kwa hiyo kina mama wengi wa mikoani wanajua wana tatizo siku nyonga inapokatika. Bibie alikuwa na bahati. Alipimwa mapema, akapewa dawa mapema, dawa ikafanya kazi. Halafu bahati hiyo ikabadilishwa na kopo la unga.

Turudi kwenye likizo. Dawa zilizoleta wazo hilo ni za kundi linaloitwa bisfosfoneti. Inayojulikana zaidi ni alendroneti, iliyopitishwa Marekani mwaka 1995. Siku hizi wengi wanameza kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki, asubuhi tumbo tupu, na glasi nzima ya maji matupu, halafu hakuna kulala kwa nusu saa. Ndugu yake ni zoledroneti, dripu ya mara moja kwa mwaka. Hizi zina tabia ya pekee: zinaingia ndani ya mfupa na kukaa humo miaka. Ni kama ukuta umelowekwa dawa ya mchwa. Ukiacha kuimwaga leo, iliyokwisha kuingia ukutani bado inaua mchwa kwa muda mrefu.

Ndio maana watafiti wakajiuliza, je, mgonjwa anaweza kusimama? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake 1,099 waliokwisha kumeza alendroneti kwa takriban miaka 5. Wengine wakaendelea miaka 5 mingine, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa bila kujua. Walioacha ujazo wa mifupa ulishuka, lakini kwa upole: baada ya miaka hiyo 5 tofauti na wenzao ilikuwa kama asilimia 2.4 kwenye nyonga na 3.7 kwenye uti wa mgongo. Mivunjiko ya mifupa mingine ukiondoa pingili ilikuwa karibu sawa kabisa, asilimia 19 kwa 18.9.

Hapo ndipo likizo ilipozaliwa. Na hapo hapo kuna sehemu ambayo wapenda likizo wanairuka: pingili zilizovunjika hadi mtu akasikia maumivu na kugundulika zilikuwa asilimia 5.3 kwa walioacha, na 2.4 kwa walioendelea. Zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo hata kwenye dawa inayokubali kupumzishwa, mgongo una gharama yake.

Ndio maana mwongozo wa wataalamu wa mifupa wa mwaka 2016 hausemi "acheni". Unasema baada ya miaka 5 ya vidonge, au 3 ya dripu, mgonjwa akaguliwe upya. Kama hajawahi kuvunjika nyonga wala pingili, na namba ya nyonga imepanda juu ya hasi 2.5, anaweza kupumzika, na kila baada ya miaka 2 au 3 arudi aangaliwe. Kama amewahi kuvunjika, au namba bado iko chini, au umri umekwenda sana, aendelee, hata kufika miaka 10 ya vidonge au 6 ya dripu. Hiyo ndiyo likizo yenyewe. Ina barua, ina tarehe ya kurudi kazini. Ya kicheni pati ilikuwa kufukuzwa kazi.

Lakini kosa kubwa la dada huyo liko kwingine kabisa. Bibie hakuwa kwenye vidonge wala dripu. Alikuwa kwenye sindano ya miezi 6, denosumabu, miligramu 60 chini ya ngozi, dawa iliyoingia sokoni mwaka 2010. Hii haikai ndani ya mfupa hata kidogo. Inachofanya ni kuwafungia wabomoaji nje ya geti. Muda wote geti limefungwa, mfupa unapanda vizuri sana, pengine kuliko hata kwa vidonge. Ila wabomoaji hawajafa. Wamejipanga nje wanasubiri. Sindano ikiisha nguvu na hakuna nyingine, geti linafunguka na wote wanaingia kwa mkupuo, wengi na wenye njaa kuliko walivyokuwa mwanzo.

Ujazo uliojengwa kwa miaka unaweza kuyeyuka wote ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, wa wanawake waliokuwa kwenye majaribio makubwa ya dawa hiyo, ulikuta kasi ya kuvunjika pingili ilitoka 1.2 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka wakiwa wanachomwa, ikaruka hadi 7.1 walipoacha. Yaani walirudi karibu na wale ambao hawakuwahi kutibiwa. Na kibaya zaidi, kati ya walioacha sindano wakavunjika pingili, asilimia 60.7 walivunjika zaidi ya moja, wakati kwa walioacha sindano za maji matupu ilikuwa 38.7.

Zaidi ya moja. Msomaji arudi juu aone bibie alivunjika ngapi, na kwa kupishana wiki ngapi.

Kwa hiyo wataalamu wa Ulaya na Marekani ambao Timu Dada wanawataja kila saa wana msimamo mmoja kwenye dawa hii: haina likizo. Sindano isichelewe, isipite miezi 7 tangu ile ya mwisho. Mgonjwa akitaka kuacha, au akishindwa gharama, au akiwa amefikia lengo, anahamishiwa kwenye dawa nyingine ya mifupa, mara nyingi dripu ya zoledroneti au vidonge vya alendroneti, ili wabomoaji wakutane na mchwa-dawa ukutani geti linapofunguliwa. Dawa mbili, majina yanafanana kwa mtu asiyejua, matokeo ya kuacha ni mbingu na ardhi. Dada alichukua sheria ya moja akaibandika kwa nyingine, mbele ya keki, na watu wakapiga makofi.

Haki itendeke lakini, lawama zote zisimwangukie yeye. Hospitali binafsi iliyokuwa inamchoma bibie kwa miaka minne, kila mara na risiti yake, inaonekana haikuwahi kumkalisha chini na kumwambia sentensi moja: "Mama, hii ukianza usiiache kienyeji." Kadi yake ina tarehe na sahihi tu. Alipopitisha mwezi wa saba hakuna aliyepiga simu. Saluni za mjini hapa zinatuma meseji za kukumbusha kusuka, duka la mapazia linatuma hadi salamu za Idi, ila sindano ambayo ikichelewa inavunja mgongo haina meseji. Mgonjwa aliyenyimwa maelezo atayachukua kwa yeyote anayeyatoa kwa upendo, na dada, mtu aseme yote, ana upendo. Anapiga goti, anasikiliza, anamuita mtu mama. Daktari alikuwa na dakika nne.

Na familia nayo ipo. Mwanae huyo huyo anayemshika mkono sasa ndiye alikuwa analipia, na watu wa karibu wanasema aliposikia mama amesitisha, alishukuru Mungu. Hakuna wa kumlaumu sana. Sindano ya kulipia mfukoni inauma, ada za watoto zinauma. Lakini kama tatizo lilikuwa pesa, njia ilikuwepo. Vidonge vya alendroneti vilishatoka chini ya hatimiliki zamani, vinatengenezwa na viwanda vingi, na vingemvusha mama yake salama. Alihitaji tu kwenda kusema ukweli kwa daktari kwamba hali ni ngumu. Wangapi wanaweza kusema hivyo Dar es Salaam hii, tena mtoto wa staa?

Kuna wanaoandika kwamba osteoporosisi ni ugonjwa wa wazungu, Mwafrika ana mifupa ya chuma. Kweli, vipimo vya Marekani vinaonyesha kwa wastani wanawake weusi wana ujazo mkubwa kuliko weupe. Wastani. Wastani haumbebi mtu ndoo. Mama aliyekoma hedhi mapema, aliyetolewa ovari, aliyetumia dawa za steroidi miaka kwa sababu ya pumu, mwembamba ambaye mama yake naye alivunjika nyonga, huyo wastani haumsaidii kitu. Wapo mitaani, ila mgongo ukipinda watu wanasema bibi kazeeka, na vijiji vingine wanasema mengine mabaya zaidi.

Halafu kuna hofu ya paja na taya, ambayo dada ameitumia sana kwenye video zake. Haijatungwa nayo. Bisfosfoneti zikitumika miaka mingi zinaweza, mara chache, kusababisha mfupa wa paja ukatike kwa namna isiyo ya kawaida, na kabla yake mtu huwa anasikia maumivu ya paja au kinena. Maumivu hayo mama asiyafiche, aende apigwe picha. Zinaweza pia, mara chache zaidi kwa dozi za mifupa, kuleta shida ya taya baada ya kung'oa jino, ndio maana daktari wa meno aambiwe. Lakini chache ni ngapi? Utafiti wa mwaka 2020 uliowafuatilia wanawake 196,129 Marekani ulipiga hesabu hivi: kwa kila wanawake 10,000 wenye asili ya Ulaya wakitibiwa miaka 3, mivunjiko 149 ya nyonga inazuiwa, na mivunjiko 2 ya paja inasababishwa na dawa. Kwa wenye asili ya Asia ilikuwa 91 kwa 8. Dada anaonyesha yale mapaja mawili, tena kwa muziki wa huzuni. Zile nyonga 149 hazionyeshi, kwa sababu mtu ambaye hakuvunjika hana picha ya kurushwa.

Na nyonga sio jambo dogo. Katika tafiti nyingi, karibu mmoja kati ya watano wa wazee wanaovunjika nyonga hafikishi mwaka. Wengi wa wanaobaki hawarudi kutembea kama zamani.

Unga wenyewe je? Kwa maelezo ya kopo ni ufuta, soya, dagaa na mlonge. Chakula kizuri. Dagaa anayeliwa na mifupa yake ana kalsiamu ya kutosha, na mama aliyepita miaka 50 anaambiwa apate kama miligramu 1,200 kwa siku, aote jua, atembee, anyanyue vitu vyepesi. Hakuna daktari atakayekataza. Ila kalsiamu ni matofali. Ukimwagiwa lori la matofali nyumbani wakati wabomoaji 50 wako ndani na nyundo, utabaki na lundo la matofali uani na nyumba chini. Kopo halijaandikwa hilo, limeandikwa "huimarisha mifupa", na bei yake kwa mwezi, waliopiga hesabu wanasema, inakaribia pesa ambayo mwanae bibie alikuwa anaiona kubwa kwenye sindano.

Kwa kina mama ambao wameshasoma hadi hapa na wako kwenye dawa fulani ambayo jina wamelisahau: likatafutwe leo kwenye boksi au kadi. Kama ni sindano ya kila miezi 6 na tarehe imepita, safari ya hospitali iwe kesho asubuhi, isisubiri mgongo uume. Kama ni vidonge au dripu na miaka imefika, swali la kumuuliza daktari ni hili: "Namba yangu ya nyonga sasa ni ngapi, na nikipumzika narudi lini kupimwa?" Akijibu bila kuangalia namba, atafutwe mwingine.

Bibie amerudishiwa dawa. Daktari amemwambia pingili zilizobonyea hazitanyanyuka tena, kinachofanyika ni kuokoa zilizobaki. Amepungua urefu, gauni alilovaa kwenye uzinduzi wa filamu yake ya mwisho sasa linaburuza chini, na nafasi aliyokuwa ameahidiwa kwenye tamthilia mpya amepewa mwingine kwa sababu hawezi kusimama kwenye seti masaa sita. Hajasema neno baya juu ya mtu yeyote. Kwenye kicheni pati ya wiki iliyopita alituma kadi na pole ya kutofika.

Dada naye ameifuta ile video. Hakuomba radhi, hakueleza. Juzi usiku ameweka tangazo jipya, kopo lile lile, punguzo la asilimia 20, safari hii limeandikwa ni maalumu kwa kina mama wenye maumivu ya mgongo.